Mgongo wa Bwana Harusi

Watu wa Vinice hawaumwi. Ukimkuta mmoja wao amelaliwa na trekta shambani, ukamuuliza hali, atakujibu, "Si mbaya sana," kisha atakuuliza kama mvua imenyesha upande wenu. Ndivyo walivyolelewa. Babu zao walitoka Bohemia, kule Ulaya, wakaja kulima udongo mweusi wa Iowa, Marekani, na nadhani wakati wa kufungasha mizigo walilisahau neno "unauma" huko huko bandarini.

Miaka ile ya hamsini, bingwa wao katika jambo hilo alikuwa Alois Kubicek. Mgane wa miaka hamsini na minane, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mtu wa viganja vipana na maneno machache. Asubuhi moja ya mwezi wa tano alikuwa anapandisha mtungi wa maziwa kwenye lori la kiwanda cha siagi, na kitu kikateguka chini ya kiuno. Moto ukashuka kwenye tako, ukapita pajani, ukafika kisiginoni. Akabaki pale pale amepinda kama ndoano.

"Kuna nini, Alois?" dereva akauliza.

"Natafuta kifungo."

Dereva, naye mtu wa Vinice, akashuka akamsaidia kutafuta kifungo. Haya, sema wewe, utawafanya nini watu wa namna hii?

Ungedhani tatizo la Alois lilikuwa maumivu. Thubutu. Tatizo lilikuwa Otilie.

Otilie Svec alikuwa mjane mpishi wa ukumbi wa kanisa. Vitumbua vyake vya kuoka vyenye jamu katikati, ambavyo kule huviita kolachi, vilikuwa vinawagombanisha mashemasi. Alikuwa na kicheko cha kusikika barabarani, na akicheza polka, ile ngoma ya kwao ya kuzungukazunguka, mpiga kodiani ndiye anayeomba maji. Alois alimpenda mwaka mzima bila kusema, na Pasaka akasema, akiitazama ngazi ya kibaraza badala ya kumtazama mwenyewe. Otilie akafuta mikono kwenye aproni.

"Nitaolewa nawe," akasema. "Lakini nisikilize, Alois. Joe wangu alilala kitandani miaka tisa. Nilimgeuza asubuhi, nikamgeuza jioni. Nilimpenda, na Mungu anajua. Lakini maisha yale siyarudii."

Alois akaapa hatayarudia. Wakati ule mgongo ulikuwa mzima, na mwenye mgongo mzima huahidi upesi. Harusi ikapangwa mwezi wa kumi, mahindi yakishavunwa.

Sasa mwone mwezi wa sita, amelala mezani kwa daktari wa upasuaji mjini, jasho jembamba linamtoka. Daktari Haverkamp alikuwa kijana mpole, msema kweli.

"Kile kiegemeo laini kati ya pingili zako mbili za chini kimetokeza," akamweleza. "Kinabana mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Ninaweza kupasua. Utalala kwa wiki kadhaa, utafungwa plasta kiunoni, na ng'ombe uwasahau mpaka mwakani."

"Na harusi?"

"Harusi ya nani?"

"Yangu."

"Hongera, mzee. Bibi harusi anajua kuuguza?"

Alois akaona giza. Alijiona kitandani, na Otilie amesimama juu yake na uso ule ule aliokuwa nao miaka ya Joe. Akauliza kama hakuna njia nyingine. Daktari akamwinua mguu, akamsukumisha vidole, akagonga goti.

"Mguu bado una nguvu," akasema. "Mimi kazi yangu ni kisu, ndiyo maana nakupa kisu. Wengine hunyooshwa mgongo kwa mikono wakapata nafuu, wengine hawapati. Wenzangu wakinisikia nasema hivi watanicheka. Jaribu mpaka mavuno. Lakini mguu ukianza kuburura, au mkojo ukigoma kutoka, siku hiyo hiyo uje hapa mbio."

Alois akarudi nyumbani, akafunga madirisha yote, akapiga simu kwa mnyoosha mgongo.

Simu za Vinice zilikuwa za waya mmoja kwa nyumba nane. Ikilia kwa mmoja, imelia kwa wote, kila nyumba na mlio wake. Adabu inasema usinyanyue simu isiyo yako. Adabu hiyo hiyo inasema usiulize nani amenyanyua. Basi wote hunyanyua. Alois alilijua hilo vizuri, kwa sababu naye hunyanyua, na kinga aliyoifikiria ni kunong'ona. Mtama ukamwagwa penye kuku wengi, na kila kuku akadonoa kimya kimya. Wa kwanza alikuwa dada yake mwenyewe, Mildred, mke wa Vencil Zahradnik, shamba la jirani. Otilie pia alikuwa kwenye waya ule, ila ilikuwa Alhamisi, siku yake ya kuoka ukumbini. Alois alijipongeza kwa akili hiyo.

Mnyoosha mgongo alikuwa mwanamke, Daktari Bernadine Rohlf, mfupi, mikono ya mkanda unga. Alisomea Davenport, mji ilikozaliwa kazi yenyewe, na chumba chake kilipakana na duka la chakula cha mifugo, kwa hiyo wakulima waliingia kwake wakijifanya wamefuata pumba.

"Unaumwa wapi, Bwana Kubicek?"

"Hapana, sijambo. Kuna kausumbufu tu."

"Kiasi gani?"

"Si mbaya sana."

"Baba yangu alisema hivyo hivyo siku uma wa nyasi ulipomwingia mguuni ukatokea upande wa pili. Lala kifudifudi."

Akapitisha vidole gumba juu ya pingili, moja baada ya moja, akafika mahali akabonyeza. Alois hakutoa sauti. Lakini mguu wake wa kushoto uliruka wenyewe, ukapiga kibao cha kutundikia kofia, kofia tatu zikaanguka.

"Vizuri," akasema Daktari Rohlf. "Mdomo wako muongo, ila mguu wako mkweli. Nitakuwa naongea na mguu."

Akamlaza ubavu, akamkunja goti la juu, akaweka kiganja chini ya kiuno. Akamwambia avute pumzi, aitoe. Pumzi ilipokwisha akasukuma, msukumo mfupi wa ghafla. Ko! Alois akajua amevunjika, ndiyo basi, harusi imekwenda na maji. Akasubiri kifo kwa muda kidogo, hakikuja. Aliposimama, ule moto wa kisiginoni ulikuwa umepanda mpaka gotini.

"Umehama," akasema, na kwa mtu wa Vinice hiyo ni hotuba.

"Ukipanda ni heri, ukishuka unaniambia. Tembea kila siku. Fanya mazoezi nitakayokuonyesha. Na usiinue kitu kizito kuliko paka. Mitungi ya maziwa anapandisha nani?"

"Kuna mtu."

Hapakuwa na mtu. Angemwomba nani? Kuomba ni kusema, na kusema ni kuumwa. Basi Jumanne Daktari Rohlf ananyoosha, Jumatano Alois anapandisha mitungi, Alhamisi anatembea kama mkasi. Wiki baada ya wiki.

"Mimi najenga," daktari akamwambia, "na kuna mtu anabomoa. Nikimjua nitamchapa."

Alois akatazama kofia.

Hapo ndipo Vencil alipoanza kutokea. Alfajiri, ng'ombe hata hawajamaliza kukamuliwa, huyo mlangoni, amevaa buti bila soksi.

"Shemeji, kulikoni?" Alois akauliza. "Kwako hakuna ng'ombe?"

"Wapo. Lakini kuna na dada yako. Nimekimbilia kwa majike wenye adabu."

"Ulimwoa mwenyewe."

"Ulinipa bila kuniambia dosari. Sogea huko, unanizibia njia." Na huku anateta hivyo amekwisha pandisha mitungi yote kwenye lori, akajifuta mikono, akaenda zake.

Siku nyingine alikuja Ludvik Pospisil wa ng'ambo ya kijito, eti anajaribu glavu mpya kama zinateleza. Akazijaribu kwenye mitungi yote. Kesho yake Vencil tena, eti amepotea njia, mtu ambaye amezaliwa mita mia nne kutoka pale. Na Alois, badala ya kushukuru, akaanza kukereka. Akamwendea Mildred.

"Mumeo hana kazi?"

"Hana," akasema Mildred, anafuma soksi, hakuinua macho.

Walijua wote, unaelewa. Nyumba nane zilijua, na hakuna aliyesema, kwa sababu kusema kungekuwa kukiri kwamba wamenyanyua simu. Nawapenda watu hawa kuliko ninavyoweza kueleza, lakini kuna siku natamani niwashike mabega niwatikise.

Hata hivyo, mgongo hauna habari na adabu. Ulipopumzishwa, ukapona. Moto ukatoka gotini ukapanda pajani, ukatoka pajani ukabaki kiunoni kama kovu la joto. Mwezi wa nane Alois alikuwa anatembea mpaka mwisho wa mahindi na kurudi, mahindi yamempita kichwa, anapiga mluzi. Asubuhi moja akainama akafunga kamba za viatu mwenyewe. Toka mwezi wa tano alikuwa anaingiza miguu kwenye viatu kama anayeingia shimoni. Alikaa ukingoni mwa kitanda akazitazama zile kamba, akacheka peke yake, machozi yakamtoka. Furaha ya kuinama, ndugu yangu, hujui kama ni furaha mpaka unyimwe.

Daktari Haverkamp alimwinua mguu tena, akamwambia avae suruali. "Kwa sasa kisu changu hakina kazi hapa," akasema, na akaonekana kufurahi kweli.

Basi kila kitu kilikuwa kinanyooka, isipokuwa Otilie alikuwa anapinda.

Kila Jumapili baada ya misa alimuuliza, "Uko salama, Alois?" Naye akajibu, "Si mbaya." Na kila akijibu, kile kicheko cha barabarani kilipungua. Alois aliona, akadhani ni shauri la gauni. Jumapili moja kabla ya harusi, Otilie akamvuta kando ya ukuta wa kanisa.

"Alois, una neno la kuniambia?"

"Hapana."

"Hakuna kabisa?"

Alois akafikiri. "Mahindi yamekauka vizuri mwaka huu."

Otilie akauachia mkono wake. "Basi nami nataka kufikiri kuhusu harusi hii," akasema, akaenda kwenye gari lake, akaondoka.

Jumanne ile Alois aliingia kwa Daktari Rohlf akiwa na mgongo mzima na uso wa maiti. Akamweleza yote, Joe, miaka tisa, kiapo cha kibarazani. Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mpigo.

"Amesikia habari za mgongo wangu," akamalizia. "Amekimbia. Lakini si nimepona? Mwambie wewe, daktari, kwamba nimepona."

Daktari Rohlf akavuta kiti akakaa. "Sitamwambia hivyo, kwa sababu si kweli. Umepata nafuu kubwa, na nafuu hiyo umeifanyia kazi. Lakini huo si mgongo mpya. Kuna asubuhi utakukamata, utakuja hapa, utatembea, utaacha ujinga wiki moja, utakuachia. Ndiyo maisha yako hayo. Na mkeo lazima ajue."

"Akijua ataniacha."

"Na asipojua, ataolewa na nani?"

Alois akachukua kofia yake. Alitembea kutoka pale mpaka nyumbani, gari akaliacha dukani. Mficha maradhi kilio humfichua, wahenga walisema, na Alois aliona kilio chake kinakuja kwa miguu yake mwenyewe. Akaingia jikoni, hata kofia hakuvua. Ilikuwa mchana, watu wako mezani. Akazungusha mkono wa simu, mlio wa Otilie, mrefu mmoja na mifupi miwili.

Otilie akanyanyua. "Naam?"

Halafu tik. Tik. Tik, tik. Kama kuku wanaotua kwenye kitulio. Alois akazisikia zote, na safari hii hakunong'ona.

"Otilie, mgongo wangu unauma."

Saa ya ukutani ya mtu fulani ilisikika ikigonga ndani ya waya.

"Uliumia mwezi wa tano, nikiinua mtungi. Daktari alitaka kunipasua, nikaogopa. Sikuogopa kisu. Niliogopa utanigeuza asubuhi na jioni, na utanichukia. Sasa nina nafuu kubwa, lakini siwezi kukudanganya, utakuwa unarudi. Unauma, Otilie. Kuna siku unauma sana. Nilikuahidi kitu ambacho sikuwa nacho. Kama unaniacha, niache, ila sitaki uniache kwa sababu ya mahindi."

"Najua," akasema Otilie.

"Unajua nini?"

"Tanuri la ukumbini liliharibika Alhamisi ile. Nilikuwa nyumbani. Nilinyanyua. Nimejua toka mwezi wa sita, Alois. Nimekuuliza kila Jumapili, na kila Jumapili umenifungia mlango usoni."

"Ulisema maisha yale huyarudii."

"Ni kweli nilisema. Kwani ulidhani ni mikono iliyonichosha? Ningemgeuza Joe miaka ishirini. Nilikuwa namuuliza, Joe, unaumwa wapi, nikugeuzie upande gani? Ananijibu, si mbaya, mama, upande wowote. Miaka tisa, Alois. Amekufa sijui hata siku moja kama nilimlaza upande unaouma. Hayo ndiyo siyarudii. Mgonjwa namuweza. Siwezi kuishi tena na mtu ambaye hayupo."

Alois akashika ukingo wa meza.

"Haya sema," Otilie akamwambia. "Unaumwa wapi?"

"Chini. Kushoto. Upana wa kiganja juu ya mfupa wa tako."

"Saa hizi?"

"Kidogo. Na asubuhi nikiamka, kama mtu ameniwekea fundo la kamba. Nikitembea linalegea. Nikikaa kanisani, mahubiri yakiwa marefu, linarudi."

"Mahubiri ni marefu," akasema Otilie, na yule mwanamke akaanza kucheka huku analia, kile kicheko chake chote, mpaka waya ukakwaruza.

Basi kumbe kulikuwa na mwingine anayelia humo humo, anapenga kamasi.

"Mildred," akasema Alois, "toka kwenye simu."

"Sitoki," akasema Mildred. "Mimi nina goti. Nina miaka sita nina goti, na Vencil hajui."

"Najua," ikasikika sauti ya Vencil kwa mbali. "Unashuka ngazi kinyumenyume, nitakosaje kujua?"

"Na mimi bega," akasema Ludvik Pospisil kwa sauti nzito. "La kulia. Hizo glavu zilikuwa uongo. Nilikuja kupandisha mitungi yako, Alois, na bega likaniua."

Mwanamke mmoja akasema meno. Mwingine akasema tumbo, toka mtoto wa mwisho. Mzee ambaye nyumba yake haikuwa hata na sauti kwenye waya ule, watu walidhani simu yake imekufa, akasema anaona upweke sana jioni. Mildred akamwambia papo hapo aje kula Jumapili, na Jumatatu pia. Yakaendelea mpaka sahani zikapoa nyumba zote nane, na Daktari Rohlf akashangaa wiki ile watu wanavyoingia kwake kwa mlango wa mbele, bila kisingizio cha pumba.

"Otilie," Alois akasema alipopata nafasi. "Je, harusi?"

"Gauni nimeshalipunguza kiuno," akasema. "Unadhani nitalivaa wapi, zizini?"

Wakaoana Jumamosi iliyopangwa, jua limewaka, ukumbi unanukia nguruwe wa kuoka na kabichi chachu. Baada ya chakula kodiani ikaanza, na bwana harusi akamchukua mke wake katikati ya sakafu, akaondoka naye polka ya kwanza, ya pili, kofia mkononi, anazunguka kama kijana, watu wanapiga meza. Daktari Rohlf amesimama karibu na pipa la bia, hata glasi moja hakunywa, anakitazama kiuno cha bwana harusi tu.

Katikati ya polka ya tatu Alois akapunguza hatua. Akainamisha mdomo kwenye sikio la mkewe, lakini kwa sauti ambayo meza za mbele zote zilisikia.

"Kushoto, Otilie. Chini."

Otilie akashusha kiganja chake kutoka begani mwa mumewe, akakiweka pale pale panapouma, akakiacha. Hawakusimama. Walikwenda taratibu, hatua ndogo ndogo, uso kwa uso. Mpiga kodiani akawaona, akaulegeza wimbo, na ukumbi mzima ukacheza polepole pamoja nao.